Chapati, kitumbua au kashata: sarafu za Wagiriki wa kale zilivyopata maumbo yake

Picha yenyewe huenda umeshaiona: pomboo wadogo wa kijani kilichofifia, wamejaa kiganjani, kila mmoja mkubwa kidogo kuliko kokwa ya tende. Maelezo chini ya picha hubadilika kulingana na aliyeituma. Mmoja huandika kwamba hizo ndizo sarafu za kwanza duniani. Mwingine husema pomboo mmoja alinunua samaki mmoja. Wa tatu huapa kuwa si pesa kabisa, ni hirizi. Kisha hufuata picha nyingine: vipande vya mraba vyenye tembo, vijiti vya shaba vilivyochongoka kama jino, sarafu zenye meno pembeni kama kizibo cha soda. Zote huitwa "za Ugiriki", na msomaji hubaki ameduwaa.

Vitu hivyo vipo kweli, na vingi viko katika makumbusho. Kinachotuchanganya ni swali tunaloanza nalo. Mtu akiona sarafu yenye umbo la pomboo huuliza hapohapo: pomboo ana maana gani? Swali hilo lina nafasi yake, ila halistahili kutangulia. Kwanza tuulize la fundi: madini yaliingiaje katika umbo hilo? Ukishalijibu, uvumi mwingi hujifia wenyewe.

Tuelewane maneno

Sarafu ni kipande cha madini chenye uzito unaojulikana na alama ya mwenye mamlaka, ambacho watu hupokea kwa kuiamini alama ile bila kukipima upya kila mara. Madini, uzito, alama. Umbo halimo. Mduara ni mazoea yetu tu, na hata sisi hatukuushika sana: shilingi 20 ya Tanzania ina pembe saba, na senti tano na kumi za Afrika Mashariki enzi za ukoloni zilikuwa na tundu katikati.

Na "Ugiriki ya kale" haikuwa nchi moja yenye benki kuu moja. Ilikuwa mamia ya miji iliyojitawala, kuanzia pwani za Hispania na Ufaransa ya leo, kupitia Sicily na kusini mwa Italia, hadi Bahari Nyeusi. Baada ya mfalme Alexander Mkuu kufa mwaka 323 KK (kabla ya Kristo), falme zilizoongozwa na watu wenye asili ya Kigiriki zilienea Misri, Syria, Afghanistan na hadi India. Mji au mfalme alitoa sarafu zake kwa uzito wake na kwa desturi za majirani zake. Ndiyo maana sentensi inayoanza na "Wagiriki walitumia sarafu zenye umbo la…" karibu kila mara ina kasoro. Wagiriki gani?

Sasa njia za kutengeneza. Zilikuwa tatu, na jikoni kwetu zote zipo.

Ya kwanza ni ya chapati. Unakata donge, unalibonyeza, nalo linatanuka pande zote na kuwa duara, au kitu kinachokaribia duara. Hii ni sarafu ya kugongwa.

Ya pili ni ya kitumbua. Unga laini unamiminwa kwenye kishimo cha kikaango na kuchukua umbo la kishimo hicho. Kikaango kingekuwa na vishimo vya umbo la samaki, ungetoa vitumbua samaki. Hii ni sarafu ya kusubu: madini yaliyoyeyuka humiminwa katika kalibu.

Ya tatu ni ya kashata. Unatandaza kwenye sinia, unakata kwa mistari, unapata vipande vya pembe nne. Hii ni sarafu ya kukatwa kutoka bamba.

Kwa nini nyingi ni duara

Sarafu nyingi za fedha za Wagiriki ni chapati. Fundi alianza na kipande cha fedha kilichopimwa; tukiite kidonge. Athens, kwa mfano, kidonge cha sarafu kubwa ya drakma nne (drakma ilikuwa kiwango cha pesa cha Kigiriki), ile yenye bundi, kilikuwa na gramu 17.2 hivi. Kidonge kilitiwa moto ili kilainike, kikashikwa kwa koleo na kuwekwa juu ya muhuri wa chini uliopachikwa kwenye fuawe. Muhuri wa juu, uliokuwa kama patasi nene, ukashikwa wima juu yake, na nyundo ikashuka mara moja au mbili.

Pigo lile linayasukuma madini nje kwa usawa pande zote, na duara linajitokeza bila mtu kulichora. Lakini hapakuwa na pete ya kuzuia ukingo kama iliyomo katika mashine za leo, hivyo duara halikutimia. Kidonge kikipoa mapema, ukingo ulipasuka. Kisipokaa katikati, sehemu ya picha ilibaki nje. Sarafu nyingi za bundi hazina shungi la kofia ya mungu wa kike Athena kwa sababu hiyo. Mkono ukitikisika kati ya pigo la kwanza na la pili, picha ilijirudia kama kivuli. Muhuri wa juu uliumia upesi kuliko wa chini kwa kuwa ndio uliopokea nyundo moja kwa moja.

Kwa hiyo Mgiriki aliyetaka sarafu isiyo duara ilimpasa kuacha chapati na kwenda kwenye kitumbua au kashata. Hakuna aliyefanya hivyo kwa mzaha, maana kila njia ina gharama zake.

Kabla ya sarafu: mishikaki

Jina la sarafu ndogo ya Kigiriki, oboli, linatokana na neno la mshikaki, ule wa chuma wa kuchomea nyama. Na drakma asili yake ni "kinachoshikwa kwa mkono", yaani konzi. Drakma moja ilikuwa oboli sita, kwa sababu, kama anavyoeleza mwandishi Mgiriki Plutarch, konzi ya mkono ilishika mishikaki sita. Plutarch aliandika karne nyingi baadaye, mnamo mwaka 100 BK (baada ya Kristo), na tungeweza kumdhania anasimulia ngano. Bahati nzuri ardhi inamuunga mkono: katika hekalu la Hera karibu na Argos, wachimbaji wa Marekani walikuta miaka ya 1890 fungu kubwa la mishikaki ya chuma pamoja na mchi mnene wa chuma. Leo viko katika Makumbusho ya Sarafu mjini Athens.

Je, mshikaki ulikuwa sarafu? Kwa fasili yetu, hapana. Hauna alama ya mamlaka. Ulikuwa mali yenye kiwango: watu walikubaliana ukubwa wake, ulihesabika, ulihifadhika, ulitolewa hekaluni. Misalaba ya shaba ya Katanga iliwahi kufanya kazi ya namna hiyo huko Kongo. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu picha nyingi za "sarafu za ajabu" mitandaoni huchanganya mali yenye kiwango na sarafu yenyewe.

Neno drakma, kwa njia, halijafa. Wagiriki walilitumia kwa fedha yao hadi yuro ilipoingia mwaka 2002, na Waarabu walilipokea mapema sana kama dirham. Mswahili anayelipwa dirhamu Dubai anapokea, kwa asili ya neno, konzi ya mishikaki.

Bahari Nyeusi: mishale kwanza, pomboo baadaye

Kwenye pwani ya kaskazini ya Bahari Nyeusi, katika Ukraine ya leo karibu na Mykolaiv, wahamiaji kutoka mji wa Miletus walianzisha Olbia katika karne ya 6 KK. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa Berezan, ambacho leo ni kisiwa kidogo jirani. Bara, nyuma yao, waliishi Waskithi, wafugaji wapanda farasi waliosubu vichwa vya mishale vya shaba nyeusi kwa wingi mno. (Shaba nyeusi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, huwa ngumu zaidi na huyeyuka kwa moto mdogo zaidi.)

Katika eneo hilo, na kusini zaidi katika miji ya Istros na Apollonia, vimefukuliwa vipande vingi vyenye umbo la kichwa cha mshale ambavyo visingeweza kuua hata njiwa. Kichwa cha mshale halisi kina tundu la kuingiza uti na kingo zilizonolewa. Hivi havina tundu, kingo ni butu, na umbo ni kama jani la mwarobaini lenye mshipa katikati. Vilisubiwa hivyo tangu mwanzo. Ni pesa iliyoazima sura ya kitu ambacho kila mtu pale, awe Mgiriki au Mskithi, alikwisha kukipa thamani.

Baada ya hapo, huko Olbia wakatokea pomboo, kuanzia karne ya 6 hadi ya 4 KK. Wengi wana urefu wa sentimita 2 hadi 4 na uzito wa gramu chache tu. Wapo pia wakubwa. Wengine hawana maandishi. Wengine wana herufi za Kigiriki zinazosomeka THU au ARIKHO.

Hebu tuingie karakanani. Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 za Selsiasi. Ukiitia bati kiasi cha sehemu moja kwa kumi, inayeyuka mapema zaidi, na ukiongeza madini ya risasi kidogo inakuwa nyepesi kumiminika, inafika hadi kwenye ncha ya mkia. Tanuri la makaa na mivukuto lilitosha. Kalibu ilikuwa na vishimo vya pomboo vilivyounganishwa kwa mfereji mwembamba, ili mmimino mmoja utoe kadhaa. Vikishapoa vinatolewa vimeshikana kama shanga kwenye uzi, kisha vinakatwa kimoja kimoja. Ndiyo maana ukimtazama pomboo wa Olbia vizuri utaona kibanzi kwenye pua au mkiani: pale ndipo mfereji ulipopita.

Yanayoharibika ni yaleyale yanayomkuta msubu yeyote hadi leo. Kalibu yenye unyevu hufanya mvuke, na mvuke huacha matundu ndani ya kipande au huyarusha madini usoni pa fundi. Madini yakipoa njiani, mkia haujai na pezi la mgongoni halipo. Kalibu ya vipande viwili ikiteleza, mwili unatoka na ngazi pembeni, kama kitumbua kilichogeuzwa kabla ya wakati. Na uzito! Vidonge vya fedha vilipimwa kimoja kimoja kwa sababu kila punje ilikuwa thamani. Pomboo walimiminwa tu, ndiyo maana uzito wao hupishana sana hata kwa walio wa aina moja.

Kupishana huku kwa uzito ndiko kulikozaa hoja ya hirizi. Wanaosema pomboo si pesa hutaja pia kwamba mji uliabudu Apollo kwa jina la Delphinios, mungu mwenye uhusiano na pomboo, na kwamba pomboo wengine wamekutwa makaburini. Hoja ya pesa nayo ina nguvu: wamepatikana kwa wingi mno, na baadaye Olbia ilitoa sarafu kubwa za mviringo, nazo za kusubu, zenye upana wa karibu sentimita 7 na uzito uliozidi gramu 100, na juu ya baadhi yake zinarudi herufi ARIKH zilezile. Ni vigumu kuona kwa nini herufi za hirizi zihamie kwenye sarafu.

Kwa maoni yangu ugomvi huu umekuzwa kuliko unavyostahili. Shilingi ikitumbukizwa kwenye kapu la sadaka haiachi kuwa shilingi. Mji unaomheshimu mungu wa pomboo, ukatoa pesa ya umbo la pomboo, utaikuta sokoni, hekaluni na mkononi mwa marehemu.

Habari ya pomboo mmoja kwa samaki mmoja inatokana na herufi THU. Kuna waliozisoma kuwa mwanzo wa neno thunnos, yaani jodari, na ARIKHO wakalihusisha na neno la kikapu, kwamba kilikuwa kikapu cha samaki. Ni dhana ya kupendeza. Lakini miji ya Kigiriki ilikuwa na desturi ya kuweka kwenye sarafu mwanzo wa jina la ofisa aliyehusika kuzitoa, na jina la mtu linaeleza vizuri zaidi kwa nini ARIKH inaonekana kwenye pomboo na pia kwenye sarafu ya mviringo.

Kwetu kuna kichekesho kidogo hapa. Fulusi kwa Kiswahili ni pesa, na fulusi huyohuyo ni samaki wa bahari kuu. Maneno mawili yamekutana kwa sauti tu; lile la pesa limetujia kutoka Kiarabu, ambacho nacho kililipata kwa Warumi na Wagiriki wa baadaye. Mtu wa miaka elfu mbili ijayo akikuta kamusi yetu peke yake, angeweza kutunga nadharia nzuri sana kwamba Waswahili walilipana kwa samaki.

Pomboo hawakufanya kazi zote. Kwa manunuzi makubwa ya nafaka, ngozi na watumwa, wafanyabiashara walitumia sarafu za elektramu (mchanganyiko wa dhahabu na fedha) kutoka mji wa Kyzikos. Sheria ya Olbia ya karne ya 4 KK, iliyochongwa kwenye jiwe, iliamuru kwamba ndani ya mji kuuza na kununua kufanyike kwa shaba na fedha ya Olbia tu. Kubadilisha fedha kufanyike mahali pamoja palipotajwa, kwenye jiwe la uwanja wa mkutano. Na sarafu moja ya Kyzikos ibadilishwe kwa kumi na nusu za Olbia, si zaidi wala si pungufu. Aliyebadilisha kwingine alinyang'anywa. Duka la kubadilishia fedha na bei elekezi, basi, si mambo ya jana.

Meno ya Akragas

Sicily kulikuwa na mji tajiri wa Akragas, Agrigento ya leo. Katikati ya karne ya 5 KK ulianza kutoa chenji ya shaba ya kusubu yenye umbo la jino au la pia ndogo ya kuchezea: pana chini, nyembamba juu. Pembeni mna vichwa vya tai na kaa au magando yake, ambazo ni alama za mji huo kwenye sarafu zake za fedha pia. Kwenye kitako kuna nukta.

Nukta hizo ndizo ufunguo. Wenyeji wa Sicily walihesabu kwa litra ya shaba iliyogawanywa mara 12, na kila sehemu iliitwa onkia. Nukta moja ni onkia moja, mbili ni mbili, na kuendelea. Asiyejua kusoma alihesabu kwa kidole. (Onkia ni ndugu wa uncia ya Kirumi, na kupitia Kiarabu ndiyo iliyotupa wakia, kipimo ambacho masonara wa pwani wanakijua.)

Kwa nini jino? Huko nyuma nimesoma watu wakitaja meno ya joka. Mtu aliyewahi kutoa keki kwenye kopo atatoa jibu la kawaida zaidi: kitu kipana mdomoni na chembamba chini hutoka kwenye kalibu bila kukwama. Unakichonga kishimo, unamimina, unageuza, kinadondoka. Huhitaji kalibu ya vipande viwili, na hakuna pande mbili za kulinganisha. Mji wa jirani, Selinous, nao ulisubu shaba za aina hiyo zenye jani la selinon, mmea wa jamii ya kotimiri uliobeba jina la mji.

Ila meno yana tabu. Yanaviringika, hayapangiki, mfukoni yanachoma. Kabla Wakarthago hawajauteketeza mji mwaka 406 KK, Akragas ilikuwa imekwisha hamia kwenye shaba za mviringo za kugongwa, nukta zikabaki.

Kashata ya mfalme: mraba wa India

Mwaka 1970, Wafaransa waliokuwa wakichimba Ai Khanoum, mji wa Kigiriki kando ya mto Amu Darya kaskazini mwa Afghanistan, walikuta akiba ya sarafu 683. Kati ya hizo, 677 zilikuwa za Kihindi: vipande vya fedha vilivyokatwa kwa pembe na kupigwa chapa ndogondogo. Sita zilizobaki zilikuwa za mfalme Mgiriki, Agathokles, aliyetawala mnamo mwaka 180 KK. Nazo zilikuwa za pembe nne. Upande mmoja zina Kigiriki, upande wa pili maandishi ya Brahmi ya India, na picha ni za miungu ya Kihindi, Vasudeva-Krishna na Balarama mwenye jembe.

Hapo jambo linaeleweka bila kuhangaika. Kusini mwa milima ya Hindu Kush, watu walikuwa na sarafu zao karne kadhaa kabla Mgiriki hajafika, na kwao sarafu ya kuaminika ilikuwa kashata. Fundi wa Kihindi alifua fedha ikawa bamba, akalikata mikanda, mikanda akaikata vipande, akaweka kipande kwenye mizani, na kikizidi akapunguza kona. Ndiyo maana nyingi zina kona moja au mbili zilizokatwa. Si uchakavu, ni marekebisho ya uzito. Halafu ndipo chapa zikapigwa.

Njia hii haipotezi madini. Ukikata duara kubwa kadiri inavyowezekana kutoka kipande cha mraba, unabakiwa na vipandikizi zaidi ya sehemu moja kwa tano, na itabidi uviyeyushe upya. Mraba hauna vipandikizi. Pia bamba moja lililofuliwa vizuri hutoa vipande vya unene mmoja, hivyo ukubwa wa kipande unakaribia kukueleza uzito wake.

Mfalme aliyefuata, Apollodotus I, alichukua kashata akaifanya rasmi: drakma ya fedha ya mraba, ya gramu 2.4 hivi kwa kipimo kilichowafaa Wahindi, upande mmoja tembo na Kigiriki, upande wa pili ng'ombe mwenye nundu na maandishi ya Kharoshthi. Kipande kilikatwa mraba kwanza, kisha kikagongwa mihuri pande mbili kama Wagiriki walivyozoea. Kashata iliyopitishwa kwenye kibao cha chapati, ukipenda.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia kwenye habari. Nahodha au mfanyabiashara Mgiriki wa Misri aliyeandika Mwongozo wa Bahari ya Eritrea katika karne ya 1 BK, maandishi yaleyale yanayoieleza Azania na soko la Rhapta kwenye pwani ya Afrika Mashariki, anataja kwamba katika bandari ya Barygaza, Bharuch ya leo huko Gujarat, drakma za kale za Apollodotus na Menander zilikuwa zingali zinatumika. Wafalme hao walikuwa wamekufa karibu miaka mia mbili kabla yake.

Duara, lakini za ajabu

Kuna sarafu ambazo ni duara na bado huzua maswali. Nizitaje kwa haraka.

Zenye meno pembeni ni shaba za wafalme wa ukoo wa Seleukos huko Syria, za karne ya 2 KK. Husemwa meno yaliwekwa ili watu wasizikwangue kuiba madini. Mtu hukwangua dhahabu na fedha. Kukwangua chenji ya shaba ni kujichosha. Isitoshe, meno hayo yalisubiwa pamoja na kidonge chenyewe kabla ya kugongwa. Warumi ndio waliokata meno kwenye dinari za fedha, na hayo ni mambo mengine.

Zenye picha iliyobonyea upande wa nyuma ni za miji ya Kigiriki ya kusini mwa Italia: Sybaris, Kroton, Metapontum na wenzao, kuanzia mnamo mwaka 550 KK. Mbele fahali au suke la shayiri limeinuka. Nyuma picha ileile imezama. Ilihitaji mihuri miwili inayoingiana kama kifuniko na chungu chake, na kidonge kipana chembamba. Mtandaoni zinapewa Pythagoras, mwanahisabati aliyehamia Kroton. Alifika mnamo mwaka 530 KK, wakati sarafu hizo zimekwisha kuanza.

Na shaba nzito za wafalme akina Ptolemy wa Misri zina kishimo kidogo katikati, pande zote mbili. Si tundu la kamba lililoachwa nusu. Ni alama ya kifaa kilichokishika kidonge kiliposawazishwa kabla ya kugongwa.

Kuhusu "ya kwanza duniani", na kuhusu bandia

Sarafu za mwanzo tunazozijua upande huo ni vidonge vya elektramu vya karne ya 7 KK kutoka Lydia na miji ya Kigiriki ya magharibi mwa Uturuki ya leo, vilivyofanana na punje za maharage. Vingi vilikutwa chini ya hekalu la Artemis huko Efeso. Pomboo ni wadogo zao.

Pomboo wanauzwa sana, na kwa kuwa ni vitumbua, ni rahisi kughushi: unabonyeza wa kweli kwenye udongo laini, unapata kalibu mpya. Lakini madini yaliyomiminwa hunywea yakipoa, asilimia 1 hadi 2, hivyo nakala hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake, na mistari ya jicho na mapezi hufifia kama sabuni iliyotumika. Pomboo wawili wenye doa moja mahali pamoja ni mapacha wa kalibu ya juzi. Kutu ya kijani ya kweli imeota ndani ya madini. Ya kupaka hukwanguka kwa ukucha au hujikusanya kwenye mabonde tu. Kwa zile za kugongwa, kama ya bundi au ya tembo, mstari wa kiungo unaozunguka ukingo ni dalili mbaya kabisa, kwa sababu nyundo haiachi kiungo. Nyufa za ukingoni, ambazo mnunuzi mgeni huziogopa, mara nyingi ni dalili njema.

Na aliye nayo ya kweli asiisugue kwa ndimu wala ukwaju kama sinia la shaba. Asidi hula ile ngozi ya kijani iliyoilinda kwa miaka elfu mbili na kitu, na chumvi iliyojificha chini yake ikipata unyevu wa hewa hutoa unga wa kijani mwepesi unaotafuna shaba hadi ndani. Inatunzwa mahali pakavu, unyevu wa hewa chini ya asilimia 40, ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.